Kufuatilia pesa za komini kwa simu: mwongozo kwa wakaaji wa Lubumbashi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi kidogo cha wakaaji, watu watano hadi kumi wa kartie (mtaa) moja ya Lubumbashi, Kongo, wenye simu mbili au tatu za intaneti na hamu ya kujua pesa za komini yao, yaani sehemu ya mji yenye utawala wake, zinatoka wapi na zinaishia wapi. Hamhitaji ofisi wala mfadhili. Mnahitaji daftari, mega (data za intaneti) kidogo za kila juma, mtu mmoja anayesoma Kifaransa bila kukwama, na mwingine ambaye haoni haya kurudi katika dirisha lilelile mara nne.

Nianze na kosa letu wenyewe, kwa sababu nimeona vikundi vingine vikilirudia. Tulipoanza, jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kufungua kundi la WhatsApp. Kwa juma moja tukaingiza watu zaidi ya mia mbili, tukalipa kundi jina zuri, tukaweka picha ya bendera. Baada ya mwezi mmoja lilikuwa limejaa matangazo ya matanga, sala za asubuhi na viatu vya kuuza, na hakuna barua hata moja iliyokuwa imeandikwa kwa burgumesta, mkuu wa komini. Tulikuwa na chombo bila swali. Ndiyo maana katika hatua zifuatazo WhatsApp inakuja katikati, wala si mwanzoni.

Hatua ya kwanza: chagueni swali moja lenye tarakimu

Swali kama «Kwa nini barabara zetu ni mbovu?» humpa kiongozi nafasi ya kuhutubia. Swali kama «Mwaka jana komini ilipokea faranga ngapi za mrabaha wa madini, na kazi zipi zililipwa kwa pesa hizo?» lina jibu moja tu, ambalo ama lipo katika vitabu vya mhasibu, ama halipo. Chagueni swali la aina hiyo ya pili, na msiongeze lingine mpaka hilo lijibiwe.

Katika mji wetu, ambao una komini saba (Lubumbashi, Kenya, Katuba, Kamalondo, Kampemba, Ruashi na Annexe), nashauri swali la mrabaha wa madini, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kwa madini inayoyauza, unaoitwa redevance minière katika nyaraka rasmi, kwa komini zile ambazo machimbo yamo ndani ya mipaka yake. Sababu ni kwamba sheria imekwisha kuweka hesabu yake wazi. Sheria ya Madini ya 2002, kama ilivyorekebishwa na sheria nambari 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa eneo la utawala ambamo uchimbaji unafanyika, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Eneo hilo la utawala, ambalo nyaraka huliita ETD (entité territoriale décentralisée), linaweza kuwa komini, mji, sekta au usultani, na sehemu yake huingia katika akaunti yake lenyewe.

Fanyeni hesabu kwa mkono mbele ya wenzenu, kwa maana watu huamini tarakimu waliyoiona ikizaliwa. Tuseme mgodi umeuza shaba yenye thamani ya dola 100,000,000. Kiwango cha mrabaha kwa metali kama shaba ni asilimia 3.5, kwa hiyo mrabaha wote ni dola 3,500,000. Serikali kuu inachukua 1,750,000, jimbo 875,000, mfuko wa vizazi vijavyo 350,000, na eneo la utawala 525,000. Kobalti, ambayo mwaka 2018 iliwekwa katika orodha ya madini ya kimkakati, hutozwa asilimia 10, kwa hiyo msichanganye shaba na kobalti katika mstari mmoja. Mbali na mrabaha, sheria hiyohiyo inaidai kampuni ya uchimbaji itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka; katika mfano wetu ni dola 300,000. Hizo ni pesa nyingine, zenye usimamizi wake mwingine, na zisiingizwe katika swali la mrabaha, la sivyo mtajibiwa kuhusu hii mlipouliza kuhusu ile.

Kama komini yenu haina mgodi, njia nyingine ipo. Katiba, katika kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na sheria ya 2008 kuhusu maeneo ya utawala inayapa maeneo hayo asilimia 40 ya sehemu hiyo ya jimbo. Swali linakuwa: katika miezi kumi na miwili, komini yetu ilipokea nini kutoka jimbo? Kila anayeishi hapa anajua umbali uliopo kati ya asilimia za katiba na pesa zinazofika, lakini hata jibu la «sifuri», likiandikwa na kutiwa sahihi, ni habari yenye uzito.

Hatua ya pili: kusanyeni nyaraka kabla ya kumuuliza mtu yeyote

Karani anayegundua kwamba mmekuja mikono mitupu atawarudisha kesho, na kesho kutwa. Atakayeona karatasi yenye tarakimu mkononi mwenu atalazimika kuzungumza juu ya tarakimu hiyo.

Anzeni na ripoti za ITIE, yaani Mpango wa Uwazi katika Tasnia ya Uziduaji, ambao Kongo ni mwanachama wake. Ripoti hizo hulinganisha kile ambacho kampuni zinasema zimelipa na kile ambacho serikali inasema imepokea, na zina sehemu zinazohusu malipo kwa majimbo na maeneo ya utawala. Kisha fungueni ramani ya Kadasta ya Madini, CAMI, ofisi inayosajili vibali vya madini, kuona kibali cha uchimbaji kiko katika eneo gani na ni cha nani. Kwa mikataba, amri ya tarehe 20 Mei 2011 inalazimisha kila mkataba wa maliasili uchapishwe ndani ya siku 60. Mingi imekusanywa katika tovuti za CongoMines na ResourceContracts, ambazo zinasomeka bila malipo. Sheria zenyewe mtazipata katika tovuti ya Leganet.

Mkitafuta, andikeni maneno kwa Kifaransa, kwa kuwa nyaraka hazikuandikwa kwa lugha nyingine. «Mrabaha wa madini Lubumbashi» hautawapa kitu. «Redevance minière quote-part ETD Haut-Katanga» utawapa. Ripoti hizi ni nzito, na mega ni pesa. Mmoja apakue mara moja, usiku ambapo mtandao una nafuu, kisha akate kurasa tano zinazowahusu na kuwapitishia wenzake kwa Bluetooth. Si lazima watu kumi wanunue mega za faili moja.

Hapa ndipo vikundi vingi vinapojikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtaona kampuni imeandika tarakimu moja na komini imeandika nyingine, na moyo utawaambia mara moja kwamba mmemkamata mwizi. Subirini. Kampuni huenda ililipa kwa dola na komini ikaandika kwa faranga, kwa kiwango cha siku nyingine. Malipo ya mwisho wa Desemba yanaweza kuandikwa upande mmoja katika mwaka uliokwisha na upande wa pili katika mwaka ulioanza. Kibali kinaweza kugusa maeneo mawili ya utawala, na sehemu ikaenda kwa jirani. Huenda pia tarakimu moja ni ya mrabaha mzima na nyingine ni ya ile asilimia 15 tu. Pitieni mambo hayo manne, moja baada ya lingine, na kama pengo bado lipo, liandikeni kama pengo. Neno «wizi» ni la hakimu. Kikundi kinachotamka neno hilo mapema hupoteza kesi yake hata pale ambapo kilikuwa na haki.

Hatua ya tatu: jedwali moja, la Kiswahili

Fungueni jedwali la mtandaoni ambalo kila mtu anaweza kuliona lakini wawili tu wanaweza kulibadilisha. Safu zinazotosha ni mwaka, nani alilipa, nani alipokea, kiasi, sarafu, hati ilikotoka na ukurasa wake, na tarehe mliyoisoma. Safu ya ukurasa ndiyo watu huiacha, na ndiyo itakayowaokoa siku mtakapoambiwa kwamba mmebuni.

Jedwali liandikwe kwa Kiswahili, na neno rasmi la Kifaransa libaki pembeni yake. Kifaransa ni lugha rasmi ya nchi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika kifungu cha kwanza cha Katiba, lakini bajeti haijawahi kubandikwa mlangoni kwa lugha ambayo mama muuza makala (makaa) anaitumia sokoni. Kazi hii ya kutafsiri ina faida kuliko programu yoyote mtakayoisakinisha.

Uganda inatupa ushahidi. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walipima ruzuku za shule za msingi kati ya 1991 na 1995, wakakuta kwamba kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu ya pesa zilizotengwa kwa ajili yake. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa, na shule zikatakiwa kubandika tangazo la kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wengine walisema baadaye kwamba marekebisho mengine ya serikali yalichangia pia, na pengine ni kweli. Hata hivyo, chombo kilichotumika kilikuwa karatasi, na karatasi hiyo ilisomeka kwa mzazi.

Hatua ya nne: ushahidi wa mtaani

Mkishajua kilichoingia, angalieni kilichofanyika. Kama bajeti inasema mfereji ulichimbwa katika avenyu fulani, nendeni mkauone. Kwa kazi hii tumieni KoboToolbox, programu ya kukusanya taarifa kwa fomu: mnatengeneza fomu mara moja kwenye kompyuta, mnaiweka kwenye simu za Android, na inajazwa bila mtandao hadi mtakapofika penye intaneti. Kwa mji ambao umeme unakatika bila kuaga, jambo hilo si dogo. Fomu iwe fupi: aina ya kazi, mahali, tarehe, ipo au haipo, inatumika au haitumiki, picha. Maswali yakizidi kumi, wanaojaza wataanza kubuni majibu ifikapo saa sita jua likiwa kali.

Kwa ramani, OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, inakubali mtu yeyote aongeze avenyu, bomba la maji au shule. Ushahidi, programu iliyotengenezwa Kenya katika ghasia zilizofuata uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, inaweza kupokea taarifa za ujumbe mfupi na kuziweka kwenye ramani. Ni nzuri, lakini kwa kartie moja ni kama kuazima lori ili kubeba kikapu. Ianzeni pale mtakapokuwa makartie kadhaa.

Katika kupiga picha, pigeni kazi, msipige watu. Msipige kambi, askari, wala lango la mgodi. Nyuso za watoto ziondolewe. Zimeni pia alama ya mahali katika picha zitakazosambazwa kwenye makundi. Mahali patabaki katika fomu, ambayo ninyi ndio mnaoitunza.

Hatua ya tano: sasa fungueni WhatsApp

Fungueni makundi mawili. La kwanza ni la kazi, la watu wale watano au kumi. La pili ni la wakaaji, ambalo wasimamizi pekee ndio wanaotuma ujumbe, na linapokea jambo moja kwa juma, siku ileile: tarakimu moja, maelezo mafupi, na ujumbe wa sauti wa dakika mbili kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Msidharau ujumbe wa sauti. Wazee wanaousikiliza ndio watakaouliza maswali makali katika mkutano, na wengi wao wasingefungua faili.

Mkihitaji maoni, tumieni kura iliyomo ndani ya WhatsApp, lakini msiite matokeo yake «sauti ya wananchi». Ni sauti ya wenye simu na mega. Kivu Kusini walilijua hilo mapema. Mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia mwanzoni mwa miaka ya 2010, ambao ulileta bajeti shirikishi katika komini na usultani, ulitumia ujumbe mfupi wa kawaida, ule unaopokelewa na simu ndogo ya vibonyezo, kuwaita watu kwenye mikutano, kupokea chaguo zao na kuwatangazia kazi zilizochaguliwa. Bajeti shirikishi yenyewe ilianza Porto Alegre, Brazil, mwaka 1989, kabla intaneti haijafika nyumbani kwa watu, na mkutano wa ana kwa ana ndio uliokuwa moyo wake. Kwa hiyo kila tarakimu inayotumwa kwenye kundi ibandikwe pia dukani, penye foleni ya maji, na kanisani au msikitini kama viongozi wake wanakubali.

Hatua ya sita: ombi la maandishi, na muhuri

Kifungu cha 24 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kifungu cha 27 kina meno zaidi: kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, nayo mamlaka hujibu ndani ya miezi mitatu, wala mtu hawezi kushtakiwa kwa sababu ya kuleta ombi kama hilo. Sijui kwa nini tunakipita kifungu hiki na kwenda moja kwa moja kwenye kelele za Facebook.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, pamoja na nakala ya Kiswahili kwa ajili ya wenye kuitia sahihi. Kiini chake kinaweza kuwa hivi:

«Bwana Burgumesta, kwa heshima zote, sisi wakaaji wa kartie hii, tukitegemea vifungu vya 24 na 27 vya Katiba, tunaomba kujulishwa kwa maandishi: kwanza, kiasi ambacho komini ilipokea kama sehemu yake ya asilimia 15 ya mrabaha wa madini katika mwaka wa bajeti uliokwisha, kwa kila malipo na tarehe yake, pili, orodha ya kazi zilizolipwa kwa pesa hizo, pamoja na mahali pa kila kazi na gharama yake. Ripoti tuliyoiambatanisha inaonyesha kiasi fulani katika ukurasa uliotiwa alama. Tungeshukuru kuelezwa kama ndicho kilichofika.»

Sahihi za mtandaoni zinaweza kuonyesha kwamba mko wengi, lakini ofisi zetu bado zinaheshimu kalamu na wino. Kusanyeni sahihi za mkono, hata ishirini, zenye jina na avenyu. Pelekeni nakala mbili, moja ibaki, nyingine irudi na muhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Katika ofisi moja tuliambiwa mara tatu kwamba anayeshika muhuri hayupo. Mara ya nne mama mmoja wa kikundi alikaa kwenye benchi na ufumaji wake tangu saa mbili asubuhi, na kabla ya saa sita muhuri ukapatikana. Bila muhuri, miezi mitatu haina siku ya kuanza kuhesabiwa. Ukipatikana, pigeni picha ya barua, iwekeni katika jedwali, na andikeni tarehe ya mwisho ya jibu mahali ambapo kila mtu anaiona.

Nakala zipelekwe kwa washauri wa komini waliochaguliwa Desemba 2023. Hao waliomba kura zenu, na wana sababu ya kusoma.

Hatua ya saba: kuchapisha bila kujichongea

Sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, katika kifungu cha 360, inamwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kupitia mitandao ya kijamii: kifungo cha mwezi mmoja hadi sita, faini ya faranga 500,000 hadi 1,000,000, au mojawapo ya adhabu hizo. Angalieni neno «kusambaza»: hata aliyepitisha tu anaguswa. Kwa hiyo chapisheni hati na tarakimu, tajeni ofisi badala ya mtu, na maoni yenu yatengwe na ukweli uliothibitika. Kabla ya kila chapisho, mtu wa pili alinganishe tarakimu na ukurasa wake. Majina na nambari za simu za waliotia sahihi zisiwekwe mtandaoni kamwe.

Hatua ya nane: jibu likija, na lisipokuja

Jibu likija, hata likiwa nusu, lichapisheni lote kama lilivyo, na mshukuru kwa jina la ofisi. Afisa aliyejibu na kuona amechekwa hatajibu tena, na atakayemfuata amekwisha kusikia. Pelekeni jibu kwenye mkutano wa kartie mbele ya shefu wa kartie, mlisome kwa Kiswahili, na waacheni watu wataje kazi wanazozijua na wasizowahi kuziona. Hapo ndipo fomu ya Kobo inapotoka mfukoni.

Miezi mitatu ikipita kimya, andikeni barua ya pili yenye mistari mitatu, ikitaja tarehe ya muhuri na kifungu cha 27, na nakala kwa meya na kwa mbunge wa jimbo wa eneo lenu. Barua hiyo ya pili, tofauti na ya kwanza, ichapishwe siku hiyohiyo inapopelekwa, pamoja na picha ya muhuri wa kwanza.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini lilituponza. Msimamizi wa jedwali letu alihamia Kolwezi kwa kazi, simu yake ikaibwa, na miaka miwili ya tarakimu ikafungiwa ndani ya akaunti ambayo hakuna aliyejua nywila yake. Andikeni nywila zote katika karatasi, zitieni katika bahasha, na bahasha itunzwe na mtu ambaye si msimamizi. Kila baada ya miezi mitatu, siku ileile mnayohesabu muda wa ombi, chapeni jedwali zima na kuliweka katika daftari.